Malimbuko na Mgeni

Umuganura ni sikukuu ya malimbuko nchini Rwanda. Huadhimishwa kila mwaka Ijumaa ya kwanza ya Agosti, kuanzia jukwaa la kitaifa hadi ngazi ya umudugudu, yaani kijiji. Katika sekta ya Nyakabuye, wilaya ya Rusizi, ardhi inashuka kutoka msitu wa Cyamudongo kuelekea chemchemi za maji moto za Amashyuza na mashamba ya mpunga ya bonde la Bugarama, na mipaka ya Burundi na Kongo haiko mbali. Huko mgeni si jambo geni. Kwa mwanafunzi aliyekuja Rwanda kusoma, awe amevuka mto Rusizi kutoka Bukavu au ametoka mbali zaidi, siku hiyo ni mojawapo ya siku za mwaka anazoambiwa asizikose. Hata hivyo, sikukuu ya shukrani inamwekea swali ambalo dini zimelishughulikia tangu kale: mtu ambaye hakulima wala hakupanda, na ambaye mababu wanaotajwa si wake, anashukuru nini? Anasherehekea, au anatazama wengine wakisherehekea?

Zamani swali hilo lingekuwa gumu zaidi, maana Umuganura ulikuwa ibada ya ufalme. Simulizi humtaja Gihanga kuwa mwasisi wake, na Ruganzu Ndoli kuwa mfalme aliyeurudisha baada ya nchi kupita katika misukosuko. Mtama na ulezi wa ibada ulitoka Bumbogo chini ya usimamizi wa ukoo wa Abatsobe. Mfalme ndiye aliyeonja kwanza kwa niaba ya nchi, kisha raia wakala mazao mapya majumbani mwao. Taratibu zake zilikuwa siri ya abiru, watunzaji wa kanuni za ufalme, waliozihifadhi kwa kichwa; Marcel d'Hertefelt na André Coupez walizichapisha mwaka 1964.

Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku ibada hiyo, na Gashamura, mkuu wa Abatsobe, akahamishiwa Burundi. Kwa mtawala wa kikoloni na kwa mmisionari lilikuwa jambo moja lenye nyuso mbili: upagani, na nguvu za mfalme. Yuhi Musinga, mfalme wa mwisho kufanyiwa Umuganura kwa utaratibu wa kale, alikataa kubatizwa, akavuliwa ufalme mwaka 1931 na kupelekwa Kamembe, ndani ya Rusizi ya leo. Mwaka 1940 alihamishiwa Moba, Kongo, na huko akafa mwaka 1944. Miaka ile ya Kamembe inafaa kukumbukwa na yeyote anayeshika kikombe cha Umuganura katika wilaya hii: aliyekuwa na haki ya kuonja kabla ya wote aliishi hapa pasipo mwonjo wowote wa kuionjea nchi.

Sikukuu ilirudi kuwa ya taifa mwaka 2011, ikiwa na sura nyingine. Haina tena mfalme wala siri. Siku hizi huletwa mazao ya kila namna, nao viongozi huhesabu pia mavuno ya afya, elimu na viwanda. Upanuzi huo una maana yake, kwa kuwa mwalimu na muuguzi nao wanastahili kuwa na mavuno. Lakini hesabu za hotuba haziwezi kuchukua nafasi ya punje. Shukrani huanza mdomoni, kwa kitu chenye ladha.

Ladha hiyo ndiyo inayofungua swali la mgeni, na lugha inasaidia. Kwa Kinyarwanda, kuganura ni kula mazao mapya kwa mara ya kwanza. Kuganuza ni kumfanya mwingine ale, hasa yule ambaye shamba lake halikutoa kitu mwaka huo. Kiswahili kina jamaa ya maneno inayofanana na hiyo: malimbuko, kulimbuka, kulimbusha. Basi ndani ya sikukuu yenyewe, kabla mwanafunzi yeyote hajafika, kumeshatengwa nafasi ya mtu asiye na mavuno. Mgeni hachukui nafasi ya mwenyeji akiketi hapo, kwa sababu nafasi hiyo ni ya asiye na mavuno. Mwaka ambao kila mtu amevuna na hakuna wa kuganuzwa, kitenzi hicho kinakosa wa kutendewa.

Jambo hilo huonekana vizuri kwenye maziwa wanayopewa watoto siku hiyo. Mzee huchukua inkongoro, kikombe cha mti uliochongwa, chenye tumbo pana na mdomo mwembamba, akampa mtoto. Mtoto hukishika kwa mikono miwili, akanywa, akampokeza anayefuata. Hakuna mtoto hapo aliyekamua ng'ombe. Hakuna anayeulizwa alichangia nini. Wote hupokea kabla ya kustahili, nao ndio wanaotangulia. Mwanafunzi wa kigeni, ambaye katika mila za watu ni mtoto mchanga hata kama ana miaka 25, anaweza kujipanga katika mstari ule bila aibu.

Wazo hili si la Rwanda peke yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, humwamuru Mwisraeli apeleke malimbuko ndani ya kikapu, akiri kwamba wazee wake walikuwa wageni Misri, kisha afurahi pamoja na mgeni anayekaa kwake. Furaha ya mgeni ni sehemu ya amri, haikuachwa kuwa fadhila. Zaka ya fitri nayo hutolewa kabla ya swala ya Idd ili maskini asiikute sikukuu mikono mitupu. Na huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya Mwaka Kogwa mwezi Julai, baada ya wanaume kupigana kwa migomba na kibanda cha makuti kuchomwa moto, husemwa kwamba nyumba isiyo na mgeni wa kula naye siku hiyo haina heri. Mwenyeji ndiye mwenye kumhitaji mgeni.

Kuna pia suala la dhamiri. Kinywaji cha Umuganura ni ikigage, pombe ya mtama: punje hulowekwa hadi ziote, hukaushwa, husagwa, hupikwa na kuachwa zichachuke. Mwislamu hawezi kuinywa, na Waadventista na Wapentekoste wengi wa Rwanda hawainywi. Kwao kuna ubushera wa mtama usio na kileo, na maziwa. Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya chakula cha kwenye meza ya mtu asiye wa imani yao, aliwaruhusu kula kinachoandaliwa bila kuhojihoji, ila wajizuie ikiwa kula kutamkwaza mwenzao. Ni kanuni nzuri hata hapa: mgeni hahitaji kukiri asichokiamini, wala hapaswi kuigeuza imani ya mwenyeji kuwa mandhari ya picha. Kiswahili kina neno kali kwa anayeonja kwa mara ya kwanza kisha akajivunia kama mwenye mali: limbukeni.

Si kila siku ambayo mgeni huambiwa asiikose inafaa kuitwa tukio la kufurahia. Tarehe 7 Aprili huanza Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Muziki wa starehe na harusi husimama wiki hiyo. Rusizi ina majeraha yake: watu wengi waliokimbilia uwanja wa Kamarampaka na parokia ya Mibilizi waliuawa. Kalenda ya wanafunzi wa kigeni inayoziweka siku hizi na Umuganura chini ya kichwa kimoja cha utamaduni inakosea vibaya. Mgeni ana nafasi Kwibuka pia, kama jirani alivyo na nafasi matangani, nayo ni nafasi ya kuketi na kunyamaza.

Linabaki swali la upande wa pili, la kijana wa Nyakabuye aliyekwenda kusoma Ulaya au Kanada. Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda aliyesoma Roma na kuchapisha uchambuzi wake wa fikra za Kinyarwanda mwaka 1956, aliona kwamba mahali na wakati ni jamii moja ya kuwapo, aliyoiita ahantu. Mswahili anaijua kwa ulimi wake: hapo ni pale, na hapo ni wakati ule, alipofika ni mahali alipofikia na saa aliyofika. Ikiwa ndivyo, kuuhamisha Umuganura ni kuukata nusu. Ugenini Ijumaa ni siku ya kazi, kwa hiyo Wanyarwanda hukutana Jumamosi. Mtama ni unga wa dukani, wa shamba lisilojulikana. Mahali hapapo, na wakati umesogea. Kilichosafiri kikiwa kizima ni kitenzi kuganuza. Aliyekuwa akipokea kikombe sasa ndiye mwenye kukitoa, na maziwa ya pakiti humiminwa ndani ya inkongoro iliyokuja imeviringishwa katika nguo sandukuni, yakaanza kunywewa na watoto waliopo, pamoja na yule wa jirani asiyejua hata neno moja la Kinyarwanda.