Je, Simu Yaweza Kutufundisha Kiasi?



Mwili wetu ni amana ya Mungu; siku moja tutatoa hesabu yake. Kwa hiyo Kanisa lahesabu ulafi kuwa kimoja cha vilema vikuu saba, na kiasi kuwa moja ya fadhila nne zinazotegemeza maisha mema.

Siku hizi simu ya mkononi imekuwa mshauri wa chakula. Katika nchi ya Senegali, mwaka 2014, serikali na Shirika la Afya Ulimwenguni walianza kuwapelekea wagonjwa wa sukari maneno mafupi ya shauri kwa simu, hasa kwa ajili ya mwezi wa mfungo wa Waislamu. Simu ndogo isiyo na intaneti yatosha kupokea maneno ya namna hiyo.

Swali: Mtu apunguzaye sukari kwa kuwa simu imemkumbusha, je, ana fadhila ya kiasi?

Tutazame kengele ya misioni. Yaita watu wote alfajiri, lakini haisali badala ya mtu. Mmoja huisikia akaamka, mwingine huisikia akajifunika blanketi. Simu nayo hukumbusha akili, lakini haiwezi kutaka mema badala yetu. Aliyeamka kwa kengele hapungukiwi sifa, maana kuitika ni tendo la moyo wake. Na azoeaye kuitika kila siku, mwishowe huamka hata kengele isipolia. Hapo fadhila imeota mizizi.

Lakini tuangalie: simu ileile huleta na matangazo ya vinywaji vitamu. Danieli, katika nyumba ya mfalme wa Babeli, aliandaliwa vyakula vya kifalme. Yeye akaomba mboga na maji kwa siku kumi. Tena hakuwa peke yake: wenzake watatu walikula kama yeye.

Hapo pana fundisho kubwa. Simu husema na mtu mmoja, bali chungu ni cha nyumba nzima. Kule Senegali jamaa hula pamoja katika sinia moja; nasi twamega bugali mmoja na kuchovya sombe moja. Mama akitia chumvi nyingi, mgonjwa atafanyaje? Shirika la Afya lashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja. Shauri hilo lamhusu mpishi kabla ya mlaji.

Basi kumshurutisha mgonjwa wa sukari amalize chupa ya soda, ati ndio ukarimu, si upendo. Maskini alaye kile alichopata hana kosa. Anayeweza kuchagua ndiye atakayeulizwa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wale aliowapakulia. Simu ikumbushe; moyo uitike; na jamaa yote isaidie.