Aliyekimbia Hakuhama

Wakamba wa Kitui na Makueni wana maneno mawili ambayo Kiswahili cha mahakamani huyafunika kwa moja tu: ardhi. Ng'undu ni shamba ambalo mtu alilifyeka, akalilima, wanawe wakalirithi. Mwenyewe akiondoka hata miaka mingi, likaota vichaka, bado ni lake. Kisesi ni malisho yaliyotengwa ndani ya weu, nyika ya wote, na uhai wake ni kutumiwa. Ukikitelekeza, kinarudi kwa wote. Kwa hiyo mzee wa nzama, baraza la wazee, aliyeulizwa shamba ni la nani alitaka kwanza kujua aliyeondoka aliliachaje.

Swali hilo tumelipoteza, na kulipoteza kumetugharimu. Makueni yenyewe ilijazwa na watu waliohama: miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vyenye mbung'o ikawapeleka huko Wakamba waliobanana Machakos. Wengine walishuka hadi Shimba Hills, Kwale. Agosti 1997 vurugu zilizoanzia Likoni ziliwalenga "watu wa bara", Wakamba wakiwamo. Miaka kumi baadaye, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, waliouawa nchini Kenya walizidi 1,100 na waliong'olewa makwao wakakaribia laki sita.

Tumbuni mtu mmoja aliyezaliwa Shimba Hills, akafukuzwa, akarudi Kathonzweni, Makueni, alikotoka baba yake. Ami zake wanamwambia, "Baba yako alihama." Akituma mtu kuulizia shamba la Kwale, jibu ni lile lile: "Yeye si alihama?" Kosa lake kote ni moja, kutokuwepo.

Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashauri inampa mwenye ardhi miaka 12 kumdai aliyeivamia. Ikipita bila yeye kufanya lolote, aliyekalia kwa uwazi, bila ruhusa na bila nguvu anaweza kuomba asajiliwe. Naielewa hekima yake: ardhi isilale, na anayeitunza asiishi roho juu milele. Lakini imejengwa juu ya mtu mzembe, na aliyekimbia panga si mzembe. Kimya cha aliyelala na kimya cha anayeogopa vikipimwa kwa saa ile ile, tumempa mwenye panga zawadi ya muda.

Kithitu, kiapo cha Kikamba, kina saa yake. Wagombanao wakishaapa, ukoo husubiri kuona nyumba ya nani itapatwa na msiba. Sisemi kiapo kirudi kuamua hatima za watu. Vifo huja hata kwa wakweli. Ninachokitamani ni fikra iliyomo. Kwa sheria, kadiri miaka inavyopita ndivyo mvamizi anavyokuwa mwenyeji. Kwa kithitu, kila msimu unaopita unamtia hofu aliyeapa uongo.

Hata utetezi kwamba aliyepo "alinunua" si jibu. Aliyeuza kwa bei ya kutupa akiwa kambini, watoto wakikohoa chini ya turubai, tumwite muuzaji kwa hiari? Mimi siwezi. Ila yuko pia mnunuzi wa tatu, asiyejua lolote, aliyepandikiza miembe ambayo sasa inamsomeshea watoto. Miembe ni yake, jasho lake. Kwake naona fidia ya haki, si fimbo. Sheria ya wakimbizi wa ndani ya 2012 inamruhusu mtu kuchagua kurudi, kubaki alipo au kuhamia kwingine. Basi aliyechagua kutorudi asihesabiwe kuwa ametupa chake.

Ila ng'undu nayo nisiisifu kupita kiasi. Ilipita kwa wana wa kiume. Mjane aliyekimbia na watoto wa kike hakuwa na pa kusimama barazani, na Katiba ya 2010 inapokataza ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi, inamsemea yeye.

Hati ya yule mtu wetu wa Shimba Hills, kama ilikuwapo, iliungua. Siku wazee wakimpeleka shambani, katikati ya miembe ya mtu mwingine, ataonyesha kwa kidole: hapa palikuwa jiko. Mtu akishika jembe na kufukua kidogo, mafiga matatu yatatokea, bado meusi upande mmoja.