Kinacholiwa na Kinachovutwa: Je, Muuzaji Akinyamaza Amedanganya?

Ukurasa huu wa kutafakari pamoja unawaletea swali linaloonekana dogo, lakini linamgusa kila anayeuza na kila anayenunua. Swali ni hili: mtu akikuuzia kitu bila kukuambia kilichomo ndani yake, na hakutamka neno lolote la uongo, je, amekudanganya?

Tutalitazama swali hili kwa mfano wa sigara za kielektroniki, yaani vile vifaa vidogo vya betri vinavyochemsha maji maalum yenye ladha na kuyageuza kuwa mvuke wa kuvuta. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya mbali, sisi yanatuhusu nini?" Ni kweli kwamba hapa Uganda, Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara hizo, pamoja na shisha na tumbaku yenye ladha. Lakini wengi wetu tuna watoto na ndugu waliohamishiwa Marekani na nchi nyingine za mbali. Huko vitu hivi vinauzwa madukani. Mzazi aliye hapa anasikia kwenye simu kwamba kijana wake anavuta mvuke wa embe au wa keki, na akiuliza anajibiwa, "Mama, usiogope, ni maji tu yenye harufu nzuri." Mzazi huyo anastahili kujua aulize nini.

PILIPILI YA SAHANI NA PILIPILI YA MOTO

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Pilipili ukiiweka kwenye maharage, unakula na kufurahi. Pilipili ileile ikianguka kwenye makaa, nyumba nzima inakohoa, wakubwa na wadogo wanakimbilia nje. Pilipili haikubadilika kuwa kitu kingine. Kilichobadilika ni mlango iliopitia.

Tumbo limeumbwa kupokea vitu vya kila namna. Lina tindikali ya kuvunja chakula, na baada yake liko ini linalochuja damu inayotoka matumboni kabla haijasambaa mwilini. Mapafu hayana ulinzi kama huo. Ndani yake mna vijia vya hewa vyembamba sana, na ngozi yake ya ndani ni laini ili hewa ipite haraka kuingia kwenye damu. Kwa hiyo kusema "kitu hiki ni salama kwa kula" ni kusema habari za tumbo tu. Mapafu bado hayajaulizwa.

YALIYOTOKEA KWENYE KIWANDA CHA BISI

Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri huko Marekani, daktari mmoja alitoa taarifa kwa idara ya afya ya jimbo kuhusu watu 8 waliokuwa wamefanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi. Kiwanda hicho kilikuwa katika mji mdogo wa Jasper, na kilitengeneza bisi za kupikwa kwenye oveni za umeme. Watu hao walikuwa na ugonjwa mbaya wa mapafu ambao ni nadra kuonekana: vijia vidogo vya hewa vinapata makovu na kuziba, na mgonjwa anakosa pumzi hata kwa kazi nyepesi. Kovu hilo halifutiki. Wanne kati yao walikuwa wameandikishwa kusubiri kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikwenda kiwandani. Walikuta kwamba waliokuwa wanaumia zaidi ni wale waliochanganya mafuta ya moto, chumvi, rangi na vionjo vya siagi katika mapipa makubwa, na waliofanya kazi karibu nao. Hata wafanyakazi ambao hawakuwahi kuvuta sigara maishani mwao walikuwa na njia za hewa zilizoziba kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine. Macho ya wachunguzi yakageukia kitu kimoja kinachoitwa diasetili. Hicho ndicho kinachotoa harufu tamu ya siagi. Kimo katika siagi yenyewe kwa asili, na kwenye bia pia. Watu wamekila tangu zamani bila madhara.

Angalieni jambo hili kwa makini, ndugu wasomaji. Diasetili ilikuwa katika orodha ya vionjo vinavyokubalika kwa chakula. Orodha hiyo haikuwa ya uongo. Lakini aliyesimama juu ya pipa la moto alikuwa anavuta mvuke wake saa nyingi kila siku. Alilindwa na karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mdomo, wakati hatari ilikuwa inaingia kwa pua.

Mwaka 2016 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi ilipendekeza kwamba hewa ya kazini isiwe na diasetili zaidi ya sehemu 5 katika sehemu bilioni 1 za hewa. Kipimo hicho kidogo kinaonyesha jinsi walivyolichukulia jambo hili kwa uzito.

CHUPA NDOGO ZA LADHA

Wakati hayo yanajulikana, biashara ya sigara za kielektroniki ilikuwa inakua. Maji yake kwa kawaida yana gliserini, kitu kingine kinachoitwa propilini glikoli, mara nyingi nikotini, na vionjo: vanila, karameli, jordgubbar, mdalasini. Vionjo hivyo vilitoka wapi? Vingi vilitoka kwenye viwanda vilevile vinavyotengeneza vionjo vya pipi na keki. Na wauzaji wengi walisema, "Ni vionjo vya chakula, ni salama." Chama chenyewe cha watengenezaji wa vionjo vya chakula cha Marekani kilitoa tamko kwamba kibali chao ni cha kula tu, na hakihusu kuvuta.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima aina 51 za ladha za sigara hizo. Diasetili ilikutwa katika aina 39. Ukiihesabu pamoja na ndugu zake wawili wa kikemikali, angalau kimoja kati ya hivyo vitatu kilikutwa katika aina 47. Mwaka uliofuata, kanuni mpya za Uingereza zilikataza diasetili katika maji ya sigara za kielektroniki zinazouzwa huko.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Ugonjwa ule wa wafanyakazi wa bisi haujathibitishwa kuwa umeenea kwa wavutaji wa mvuke, na kiasi cha diasetili katika moshi wa sigara za kawaida ni kikubwa kuliko kile kilichopimwa katika nyingi za sigara hizi. Mtu akiwatisha vijana kwa kusema kila anayevuta mvuke atapata ugonjwa wa bisi, naye atakuwa ameongeza uongo juu ya ukimya. Swali letu halisimami juu ya idadi ya wagonjwa. Linasimama juu ya mtu anayeingiza kitu kifuani mwake bila kujua ni nini, wakati yuko mwingine anayejua au anayeweza kujua.

Kisha ukaja mwaka 2019. Huko Marekani watu, wengi wao vijana, walianza kulazwa hospitali kwa mapafu yaliyovimba ghafla. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Wataalamu walipopima majimaji kutoka mapafu ya wagonjwa 51, walikuta aina ya mafuta ya vitamini E katika 48. Mafuta hayo yalikuwa yamechanganywa hasa katika bidhaa za mvuke zenye bangi, nyingi zikiuzwa kwa njia za kificho, ili yaonekane mazito na ya bei. Vitamini E watu wanaimeza kama vidonge, wanajipaka usoni. Hapa tena, kitu chema kilipitishwa mlango usio wake.

JE, KUNYAMAZA NI KUDANGANYA?

Sasa tumsikilize muuzaji. Anaweza kujitetea kwa njia nne.

Kwanza anasema: "Sikujua." Kutojua kunaweza kumwondolea mtu lawama, lakini si kila kutojua. Kuna asiyejua kwa sababu hakuna njia ya kujua, na kuna asiyejua kwa sababu hakutaka kuuliza, akiogopa jibu litamharibia biashara. Baada ya habari za Missouri kutangazwa, mtengenezaji aliyetia kionjo cha siagi katika maji ya kuvuta bila kupima alikuwa amechagua kutojua. Ujinga wa kuchagua unabaki kuwa tendo la mtu, naye ataulizwa juu yake.

Pili anasema: "Mnunuzi hakuuliza." Lakini mtu anawezaje kuuliza habari za kitu ambacho hajawahi kusikia jina lake? Fikirini juu ya muhogo mchungu. Kwetu Kongo mama anajua kwamba muhogo huo lazima ulowekwe siku kadhaa majini, la sivyo unabaki na sumu. Katika eneo la Kwango tangu miaka ya 1930 unajulikana ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ya watu waliokula muhogo usiolowekwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa. Mama mmoja akimuuzia jirani unga wa muhogo aliouharakisha ili awahi soko, jirani hatauliza, "Je, uliuloweka siku ngapi?" Anaamini, kwa sababu wote wawili walifundishwa kanuni moja na bibi zao. Ujuzi wa muhogo unatembea pamoja na muhogo. Lakini ujuzi wa chupa ya kiwandani unabaki kiwandani. Mnunuzi hana bibi wa kumfundisha diasetili ni nini. Pengo la ujuzi linapokuwa kubwa hivyo, mzigo wa kusema unamwangukia anayejua.

Tatu anasema: "Sikusema uongo, niliandika ukweli." Hapa tujihadhari. Ilipojulikana kwamba diasetili ni hatari, baadhi ya watengenezaji waliiondoa na kuweka ndugu yake anayeitwa pentanedioni, mwenye harufu karibu sawa. Chupa inaweza kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina diasetili, na maandishi hayo ni kweli. Lakini majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba huyo ndugu naye anajeruhi njia za hewa. Maneno ya kweli yanaweza kupangwa ili msikilizaji afikie hitimisho la uongo. Kipimo cha udanganyifu basi hakiwezi kuwa maneno peke yake. Tujiulize muuzaji alitaka mnunuzi aamini nini, na kama yeye mwenyewe alijua kwamba imani hiyo si sahihi.

Nne anasema: "Kuliko sigara, hii ni afadhali." Utetezi huu una nguvu, na tusiudharau. Wataalamu wa afya wa Uingereza wanakubali kwamba mvutaji wa sigara wa miaka mingi akihamia kwenye mvuke anapunguza madhara. Lakini afadhali ni neno la kulinganisha. Lazima tuulize, afadhali kwa nani? Kwa mzee aliyevuta pakiti moja kila siku, labda. Kwa binti wa miaka 15 ambaye hakuwahi kushika sigara, hana kitu alichoacha. Kwake ni kuongeza tu. Na hata yule mzee, kupungua kwa hatari hakuondoi haki yake ya kujua hatari iliyobaki.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kunyamaza si kudanganya kila mara. Mwenye duka hana deni la kumweleza mteja kila kitu chini ya jua. Lakini ukimya unakuwa udanganyifu mambo matatu yanapokutana: jambo linalofichwa linaweza kumdhuru mnunuzi, muuzaji analijua au angelijua kwa kuuliza, na mnunuzi hana njia yake mwenyewe ya kuligundua. Hapo anayenyamaza anakula pesa ya mtu pamoja na imani yake.

NA MNUNUZI JE?

Mnunuzi naye asikae akingoja kulindwa. Sheria inaweza kufunga duka, lakini haiwezi kumfuata kijana kila anapokwenda. Kuuliza si ujinga. Wenye ndugu ng'ambo wawaulize watoto maswali ya wazi: Ndani mna nikotini kiasi gani? Ladha hii imetengenezwa kwa nini? Nani aliipima kwa kuvuta, si kwa kula? Ulinunua dukani au kwa rafiki? Kijana asiyeweza kujibu ajue kwamba anafanyia jaribio mapafu yake mwenyewe, na hakuna mtu anayeandika matokeo.

Na sisi wenye meza sokoni tujipime kwa kipimo kilekile. Mafuta ya kupikia yaliyomiminwa kutoka dumu lisilo na jina, vidonge vilivyohesabiwa kwenye karatasi bila tarehe, nyanya zilizopuliziwa dawa jana jioni: mnunuzi anavichukua kwa sababu anatuamini. Tusiwalaumu wenye viwanda wa mbali kwa jambo tunalolifanya hapa chini ya mwembe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Je, kuna bidhaa katika soko letu ambayo muuzaji anajua jambo lake na mnunuzi hana njia ya kulijua? Nani aseme, na aseme lini?

2. Mama mjane ana unga ambao hakuuloweka vya kutosha, na watoto wake hawajala. Akisema ukweli hatauza. Jirani zake wana wajibu gani kwake ili asilazimike kunyamaza?

3. Je, ni haki kumtisha kijana kwa habari isiyothibitishwa ili aache jambo baya?

Vikundi vinaombwa kumletea katibu majibu yao kwa maandishi. Yatakayofaa yatasomwa kwa wote katika toleo lijalo.