Mapatano na Kalunga

Zau ni kijana mganga aliyefiwa na baba yake, na hataki kukubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumtolea sharti: nitakuletea roho tatu kubwa zilizokataa kuja kwako, nawe unirudishie Baba. Kalunga anaridhia. Kuanzia hapo mchezaji anashika pedi na kuingia nchi ya Kenzera, nchi ya majabali, misitu na jangwa, kuwasaka Impundulu, Kikiyaon na GaGorib, viumbe waliochukuliwa kutoka masimulizi ya Kiafrika. Baba wa Zau amemwachia vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi: kimoja kwa kupigana ana kwa ana, kingine kwa kupiga kutoka mbali.

Gemu hii, Tales of Kenzera: ZAU, ilitoka tarehe 23 Aprili 2024. Iliyoitengeneza ni Surgent Studios ya Uingereza, na aliyeongoza kazi ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya ambaye pia ndiye sauti ya Zau. Baba yake Salim alifariki mwaka 2013. Salim ameeleza kwamba babu yake alikuwa mganga wa jadi, na kwamba mapenzi yake ya gemu aliyapata kwa baba yake. Mwezi Desemba 2023, kwenye hafla ya The Game Awards kule Marekani, alipanda jukwaani na badala ya kuinadi bidhaa akazungumzia msiba wake mbele ya mamilioni ya watu. Anayetaka kuicheza kwa Kiswahili anachagua tu: sauti zote zimerekodiwa kwa lugha hii pia, jambo ambalo gemu za kiwango hicho karibu hazijawahi kulifanya.

Maoni ya wachezaji yaligawanyika, na mgawanyiko wenyewe unafundisha. Wengi walisifu rangi, muziki wa Nainita Desai na mazungumzo ya Zau na Kalunga. Wapo walioona ramani imenyooka mno kwa gemu ya aina hii, na maadui ni walewale. Malalamiko makali zaidi yaliangukia sehemu za kukimbizwa na za miiba, ambako kosa moja la kidole linakuua papo hapo na kukurudisha nyuma. Aina hii ya gemu, iliyorithi tabia za Metroid na Castlevania, zote za 1986, inaishi kwa mambo mawili: njia iliyofungwa mpaka upate uwezo mpya, na kufa mara nyingi kabla ya kufaulu. Hollow Knight ya 2017 iliufanya ugumu huo kuwa sifa. Ukifa, kivuli chako kinabaki mahali ulipoangukia kikiwa na fedha zako zote, nawe ukizitaka unalazimika kurudi kupigana nacho. Mwendelezo wake, Silksong, ulipotoka tarehe 4 Septemba 2025, mjadala wa ugumu uliwaka upya hadi waundaji wake, Team Cherry wa Australia, wakalegeza baadhi ya mapambano ya mwanzo.

Hapo ndipo swali la kidini linapozaliwa, nalo si dogo. Mtu anayekufa mara thelathini kabla ya adhana ya magharibi, na kufufuka kila mara bila gharama ya kudumu, anajifunza nini kuhusu kifo? Je, gemu haimfundishi kwamba kifo ni kikwazo cha kurudiwa mpaka kikuachie?

Swali hilo lina uzito wa pekee kusini mwa Tanzania. Simama Nanganga, kata ya Wilaya ya Ruangwa iliyo kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, pale inapochepuka njia ya Ruangwa na Nachingwea. Ukielekea Lindi unapita Nyangao, ukielekea Masasi unafika Ndanda. Mwaka 1905 nchi hii yote ilisikia ahadi kwamba kifo kinaweza kuzuiwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, huko Umatumbi, aligawa maji ambayo yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, lakini ahadi ilikuwa imeshatangulia. Mwezi huohuo misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ilivamiwa na kuchomwa, Sista Walburga Diepolder akauawa, na mwaka uliofuata watawa wakaanza upya Ndanda. Katika vita vilivyofuata watu wa kusini walilipa gharama kubwa kupita kiasi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000, wengi kwa njaa iliyotokana na mashamba na maghala kuchomwa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikisha makadirio hadi kati ya 250,000 na 300,000.

Kwa hiyo hapa hadithi ya mganga kijana anayedhani amepata njia ya kukishinda kifo haisomwi kama ngano ya mbali. Ni rahisi, na ni makosa, kuwacheka waliokunywa maji ya Kinjikitile. Walikuwa wakitafuta umoja mbele ya bunduki, na dawa iliwapa umoja huo, makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja yakasimama. Kilichovunjika ni ile sehemu moja ya ahadi ambayo hakuna mganga, sheikh wala padri mwenye uwezo wa kuitimiza. Zau anaomba sehemu hiyohiyo.

Hapa ndipo gemu ya Salim inapostahili kutetewa dhidi ya shutuma ya kuchezea mauti. Ndani yake kuna vifo vya aina mbili, na vinaendeshwa kwa sheria tofauti kabisa. Kifo cha Zau ni rahisi: anaanguka kwenye miiba, sekunde chache baadaye amesimama tena hatua kadhaa nyuma. Mchezaji anaweza hata kupunguza ugumu akiona umemzidi. Kifo cha Baba hakina kitufe. Mchezaji akiwa hodari kuliko wote, asiguswe na adui hata mmoja, bado hajamsogeza Baba hata inchi moja kuelekea nyumbani. Kadiri vidole vinavyozidi kuwa na ujuzi, ndivyo inavyodhihirika kwamba ujuzi si kitu kinachohitajika hapa. Roho zile tatu zenyewe hazishindwi kama majambazi. Kila moja inamlazimisha Zau akutane na kitu kilichomo ndani yake, hofu, huzuni au hasira.

Njiani kuna mibuyu. Chini ya kila mbuyu Zau anaweza kuketi na kuzungumza na Kalunga, na mazungumzo hayo yanamwongezea uhai. Anasimulia kumbukumbu za baba yake, anabisha, ananyamaza. Kalunga, aliyechorwa kama mzee mwenye subira, anamsikiliza. Mchezaji anayezipita sehemu hizi haraka ili arudi vitani anafika mwisho akiwa na Zau dhaifu na hadithi iliyopwaya. Utaratibu huu wa gemu ni wa busara kuliko hotuba nyingi za makaburini: anayekataa kukaa na huzuni yake anapungukiwa nguvu ya kuendelea na safari.

Muumini anaweza kushtushwa na maneno mungu wa mauti, na ana haki. Kwa Mwislamu wa Lindi, roho hutolewa na malaika kwa amri ya Mungu mmoja, naye hapangi bei. Kwa Mkristo wa Masasi, kifo kimeshashindwa, lakini si kwa mapatano ya kijana na mzee barabarani. Hata hivyo hakuna dini kati ya hizi mbili iliyomkataza mfiwa machozi. Mtume Muhammad alilia alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahimu, na akaeleza kuwa machozi ni rehema. Yesu alilia kabla ya kufika kwenye kaburi la Lazaro. Dini zote mbili zinamruhusu mfiwa kutamani. Zinamkatalia kujenga maisha yake juu ya tamaa hiyo. Na hilo ndilo somo ambalo Zau anavutwa kwalo polepole, akipinga kila hatua.

Swali la kama muumini aingie kwenye mchezo wa asili ya imani nyingine lilishaulizwa Masasi karne moja iliyopita. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliwakuta Wamakua, Wayao na Wamwera wakiwapeleka watoto jando. Angeweza kupiga marufuku, kama wamisionari wengi walivyofanya kwingineko. Yeye na mapadri wake Waafrika waliamua kuliingiza jando ndani ya Kanisa, wakaacha baadhi ya mambo na kubakisha mengine. Uamuzi ule ulilaumiwa, lakini ulitambua kwamba sherehe inafanya kazi ambayo mahubiri peke yake hayaifanyi.

Na kusini hakuna upungufu wa sherehe zinazocheza na wafu. Wamakonde wa Mtwara, vijana wanapotoka jandoni, hutoa midimu: mchezaji aliyefunikwa mwili mzima, kinyago usoni, anayetokea kama mzimu wa wahenga waliokuja kushangilia. Ngoma inalia, anaruka, anatetemeka, anafukuza watoto. Ni mzimu, na wakati huohuo ni mtu wa kijiji cha jirani aliyefundishwa hatua. Kwa waliopita jandoni yote mawili yanajulikana, na hakuna kati yao anayeona moja linaharibu lingine. Vinyago vya Jua na Mwezi alivyoachiwa Zau vina ndugu zake hapa, na vijana wa Mtwara hawahitaji kuelezwa kwa nini kinyago cha marehemu kina nguvu.

Lililo karibu zaidi na gemu hii, hata hivyo, ni utani wa msibani. Jeneza linatoka ndani, wafiwa wanalia, na mtani anajilaza katikati ya njia: maiti haipiti mpaka atolewe chochote. Mwingine amevaa koti la marehemu na kofia yake, anapita uani akikohoa vilevile alivyokuwa akikohoa, anadai chai yake kwa sauti ileile, anamuuliza mjane amepeleka wapi fedha za korosho. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Wengine wanacheka huku machozi yakiwatoka. Ni watani haohao, mara nyingi, wanaochimba kaburi na kubeba kazi nzito za msiba.

Tazama mtani anachokifanya. Kwa dakika chache anamrudisha marehemu nyumbani, hai, na kikohozi chake. Anafanya kile Zau anachokililia. Kisha anavua koti, analikunja, na kila aliyekuwapo ameona kwa macho yake kwamba aliyekuwa ndani ya koti hakuwa yule. Hakuna aliyehubiriwa. Mchezo wenyewe umebeba habari ngumu na kuifikisha mahali ambapo maneno ya pole hayakufika. Anayedai kwamba kucheza na kifo ni kukidharau hajawaelewa watu hawa, ambao wamekuwa wakikicheza kifo kwa sababu wanakiheshimu.

Kwa kipimo cha utani, gemu ya Salim ina upungufu mmoja wa kweli, na hauhusu ramani wala maadui. Inamwacha mfiwa peke yake. Zau ana Kalunga, lakini mchezaji ana kochi, skrini na saa kama nane au kumi za upweke. Hakuna wa kumdai fedha za korosho. Matanga ya kusini, iwe khitma na arobaini au ibada ya kumwombea marehemu, yanajengwa juu ya msingi kwamba mfiwa haachwi peke yake usiku. Salim mwenyewe alihitaji kusimama mbele ya ukumbi uliojaa na kusema wazi kwamba amefiwa. Aprili 2025 BAFTA waliipa gemu yake tuzo ya mchezo unaovuka mipaka ya burudani, na ni haki yake. Kufikia hapo studio yake ilikuwa imeshapunguza wafanyakazi, kwa kukosa fedha za kuendesha kazi inayofuata.

Katika miji midogo ya ukanda huu gemu huchezwa vibandani: televisheni, PlayStation, benchi la mbao, na malipo kwa mechi. Mpira ndio unaotawala, kwa sababu mechi ni fupi, wachezaji ni wawili na mwenye kibanda anajua atalipwa lini. Gemu ya mtu mmoja, ya saa nyingi, haiingii kwenye hesabu hiyo, hata ikisema Kiswahili. Ni hasara. Benchi la kibanda halimwachi mtu acheze peke yake: kila mruko una mshauri, kila kifo kina mzomeaji. Zau akiketi chini ya mbuyu kumsimulia Kalunga habari za Baba, kwa Kiswahili, mbele ya vijana sita ambao angalau wawili wamezika mzazi, mjadala hautasubiri kualikwa. Mmoja atasema mapatano yale ni kufuru. Mwingine atasema angefanya vilevile. Mmiliki wa kibanda aliyetenga jioni moja kwa wiki kwa ajili ya gemu kama hii, kila mtu akichangia kidogo na pedi ikipokezanwa kila Zau anapokufa, angekuwa amewapa vijana hao mahali pa kuzungumzia mazishi waliyohudhuria kimya.