Mtikisiko wa Mwili Katika Dhikiri

Bismillahi Rahmani Rahim. Amma baada: katika halaka za Tarika ya Kadiria, aliyoieneza Sheikh Uwais wa Barawa (aliyefariki mwaka 1909) Unguja na bara, hutokea mtu akatetemeka bila kutaka kwake, vidole vikafa ganzi, joto likampanda kifuani. Watu husema: huyu amekwisha fika. Na mwenziwe asiyetikisika hujiona amenyimwa. Yote mawili ni makosa.

Mwenye kuvuta pumzi kwa haraka na kwa nguvu hushikwa na ganzi hata kama hamtaji Mungu. Hayo ni maumbile ya mwili. Na Kurani, Sura ya 39, aya ya 23, imetaja ngozi zisisimkazo kwa hofu, kisha zikalainika pamoja na nyoyo. Basi kutetemeka si aibu, lakini mwisho wake ni kulainika.

Imepokewa kwamba Junaid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, aliulizwa sababu ya kutulia kwake wenziwe wakitikisika. Akajibu kwa aya ya milima (Sura 27, aya 88), ambayo mtu huidhania imesimama, kumbe inakwenda kama mawingu. Aliye Bendera na aitazame milima ya Upare, aifahamu maana hiyo.

Basi mtu asiuigize mtikisiko, kwani hiyo ni ria. Na aliyeshikwa nao asijitukuze, bali ajipime asubuhi yake: Je, ameamka kusali Alfajiri? Mizani ya duka lake ni sawa? Mali ya yatima ameirudisha? Ikiwa sivyo, kilichotikisika ni kiwiliwili tu.

Wallahu aalam.