Dagaa, Funza na Mkaa Wangu

Swali hili lilinianzia gengeni. Nilikuwa nanunua dagaa wa mchanga, wale wa bei ya chini, nikachanganye na pumba kwa ajili ya kuku wangu. Jirani yangu naye akapimiwa kutoka fungu lile lile, akawaoshe mchanga awapike. Akacheka: "Baba Neema, kumbe mimi na kuku wako tunakula sahani moja!" Nikacheka naye, ila nilirudi nyumbani nimenywea.

Kuku anataka protini, na hapa Mwanza protini ya karibu ni dagaa wa ziwani. Kila gunia linaloingia bandani ni mboga iliyokosekana kwenye sufuria ya mtu. Ndipo nikageukia funza wa nzi askari, yule mweusi asiyeuma. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Funza wake hula maganda na mabaki ya sokoni, na baada ya wiki mbili hivi wameshanenepa. Taka zinapungua, dagaa wanabaki kwa watu. Sasa hapo nani apinge?

Nilipinga mwenyewe, siku niliposimama na sufuria ya maji ya moto mbele ya beseni. Kilo moja ya funza ni maelfu ya roho. Hivi hawa wanaumia?

Utaniambia: dagaa nao si walikuwa hai? Kweli, na sikuwahi kuwauliza. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tumekua tukinyonyoa senene mbawa na miguu wangali hai, huku tunapiga soga. Basi nikajigundua: swali halikuja kwa sababu funza ana thamani kuliko dagaa. Lilikuja kwa sababu safari hii sufuria nimeishika mimi.

Jeremy Bentham alishasema mwaka 1789 kwamba kuhusu wanyama, la kuuliza si kama wana akili bali kama wanaweza kuteseka. Kwa kuku jibu ninalo. Mshike vibaya uone atakavyopiga kelele. Funza halii. Lakini kutolia si ushahidi wa kutoumia. Ni wangapi kati yetu wanaumia kimya?

Njia rahisi ni kuwaanika juani wafe taratibu. Haina gharama. Maji yanayochemka huwaua mara moja, ila yanataka mkaa, na mkaa ni pesa. Nikapiga hesabu: kama hawasikii kitu, nimepoteza mkaa. Kama wanasikia, nimewaepusha maelfu na kifo cha saa nzima. Hasara ya kwanza naimudu. Ya pili sitaki kuibeba.

Kwa hiyo naendelea kuwafuga, na naendelea kununua mkaa. Shaka haikunizuia kuua. Imenilazimisha kulipia namna ninavyoua. Labda ni njia tu ya kutuliza nafsi. Wenzangu mtaniambia kama najidanganya.