Feza Inayotoka Mfukoni mwa Ndugu Yako

Masomo: Mezali 13:11, Yoane 19:23-24



Siku hizi vijana wetu wanacheza karata ndani ya simu, mchezo unaoitwa poka. Nao wanatuuliza: faida kubwa iko wapi, katika mashindano ao katika meza ya feza? Hatutawafukuza kwa sababu ya swali hilo. Mungu alitupa akili ya kuhesabu, basi tuhesabu pamoja nao.

Katika mashindano, kila mtu analipa kiingilio. Tuseme watu 100, kila mmoja dola 11. Dola 1 ni ya mwenye mchezo, dola 10 zinaingia katika chungu. Chungu kina dola 1.000. Watu kama 15 wa mwisho ndio wanaogawana, na wa kwanza anachukua sehemu kubwa. Watu 85 wanarudi mikono mitupu.

Katika meza ya feza hakuna kungoja mwisho. Unaweka feza yako, unaondoka wakati unapotaka. Lakini karibu kila mara feza inapokusanyika mezani, mwenye mchezo anakata kipande, tuseme dola 5 kwa kila 100. Watu 10 wakiketi na dola 10 kila mmoja, wakapokonyana usiku kucha mpaka jumla ya feza iliyopita mezani ifike dola 400, mwenye mchezo amekata 20. Waliketi na 100, wataamka na 80. Yeye hakushika hata karata moja.

Hii ndiyo tofauti, wapendwa: mashindano yanakunyima upesi, meza inakukata polepole. Katika zote mbili, kila franka unayoshinda imetoka mfukoni mwa mwenzako. Hakuna shamba lililolimwa, hakuna samaki aliyevuliwa.

Wengine watasema: "Poka si bahati tu, ni akili." Ni kweli, mwenye akili anaweza kushinda mara nyingi. Lakini akili hiyo inakula nini? Mchezaji hodari anatafuta meza yenye mtu asiyejua. Asipompata, hana chakula. Je, mkristo anaweza kuomba asubuhi, "Bwana, niletee leo ndugu mjinga"?

Wengine watataja yule Mmarekani, Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia kwa njia ya mashindano madogo ya intaneti, na mwaka 2003 akashinda dola 2.500.000 huko Las Vegas. Ni kweli. Lakini walikuwa wachezaji 839, na kila kiti kilikuwa cha dola 10.000. Dunia inakumbuka jina la mmoja. Nani anakumbuka majina ya wale waliolipa?

Na sisi Wakongo tuna kumbukumbu yetu. Wazee hawajasahau Bindo Promotion ya Kinshasa. Wa mbele walilipwa kwa feza ya wa nyuma, na wote wakashangilia. Mwaka 1991 ilipoanguka, wengi walipoteza akiba yao.

Kijana mmoja wa parokia alishinda dola 60 katika mashindano. Akaleta dola 6, zaka yake, kwa mabati ya kanisa. Mabati yanahitajika kweli, na mvua haitungoji. Lakini tuliketi naye, tukahesabu. Alikuwa ameingia mashindano 14, kila moja dola 5. Ni dola 70. Basi hakupata 60, alipoteza 10. Na zile 70 zilitoka katika mtaji wa mama yake anayeuza samaki sokoni. Tulimrudishia zaka ile, tukamwambia: "Mwana, peleka feza hii kwa mama." Mungu hapokei zaka ya hasara ya mama mjane.

Wengine wanauliza: mitume hawakupiga kura ili kumchagua Matiya? Walipiga. Lakini hakuna aliyeweka feza, na yule ambaye hakuchaguliwa hakupoteza hata kitambaa. Kura nyingine ilipigwa chini ya msalaba. Askari walipigia kura kanzu ya Bwana. Mmoja alishinda, akaenda na nguo ya mtu aliyekuwa akifa juu ya kichwa chake. Vijana, mkishinda, tazameni juu: nguo hii ilikuwa ya nani?

Sasa tazameni likelemba ya mama zetu. Watu 10, kila mmoja dola 10, chungu ni 100. Ni chungu kilekile cha mezani! Lakini hakuna anayekata kipande, na zamu inazunguka mpaka wote 10 wamepokea. Leo mmoja ananunua gunia la mahindi, mwezi ujao mwingine analipa minervali. Chungu cha likelemba kinajenga nyumba 10. Mezali inatufundisha hivyo: mali ya haraka inapungua, lakini akusanyaye kidogo kidogo kwa mkono wake anaongezewa.

Tunajua mshahara unachelewa. Tunajua kijana mwenye diploma anaketi bila kazi, na simu inamwahidi bukari bila jasho. Hatumcheki. Lakini Papa Simon Kimbangu, aliyekaa gerezani tangu 1921 mpaka kufa kwake Elisabethville mwaka 1951, hakutuachia njia ya mkato. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa kwa mikono na sadaka za waamini. Upendo, amri, kazi: mchezo huu unavunja yote matatu.

Kwa hiyo tunawaomba: wazazi, msifiche deni la watoto, lileteni tuliombee na tulihesabu. Mama wa likelemba, wafungulieni vijana nafasi, hata kwa dola 1. Na wewe uliyepoteza, usirudi mezani kutafuta kilichopotea. Rudi nyumbani. Baba anakungojea, naye hakati kipande.

Bwana awabariki. Amina.